Tuombe Bila Kutaja Jina

Kundi la maombi la lile jengo lilikuwa na sheria moja tu, na aliyeitunga ni Vidole mwenyewe: hapa hatutaji jina la mtu. Una jirani ana shida? Mlete, tutamwombea, ila jina lake libaki kwako. Sheria nzuri. Kila mtu aliisifu, hata mchungaji aliposikia alisema kundi hilo limekomaa. Tatizo lilikuwa dogo tu. Ukisema, "Kuna dada mmoja wa ghorofa ya tatu, mlango wa kwanza ukitoka kwenye ngazi, mumewe dereva wa lori, tumwombee maana mume siku nyingi hajaonekana," hapo jina la kazi gani tena? Hata paka wa jengo alishajua ni nani.

Vidole alikuwa msusi. Jina hilo alipewa na wateja kwa kasi ya mikono yake, ingawa walikuwepo waliosema mdomo wake ndio uliotangulia mbio. Saluni yake ilikuwa chini kabisa, mlango unaotazama barabara: kioo kirefu, viti viwili vya kuzunguka, kimoja kikizunguka vizuri na kingine kikigoma nusu njia, sinki la kuoshea, draya moja iliyonguruma kama inadai haki, na benchi la kungojea. Nusu ya waliokalia benchi lile hawakuwa na nywele za kusukwa. Walikuja kukaa. Na Vidole alipenda hivyo. Saluni ikiwa kimya alihisi kama kuna msiba.

Jumatano jioni alifunga mapema, akapanda hadi kwa Bibi Haleluya, ghorofa ya pili. Bibi alikuwa mkunga mstaafu, mwili mdogo, sauti ya kuamsha mtaa. Makochi yake yalijaa, viti vya plastiki vikaongezwa, viatu vikarundikana mlangoni. Mlango wenyewe uliachwa wazi kidogo kwa ajili ya wachelewaji. Ukichelewa unaingia kwa kunyata, unavua viatu, unakaa hapo hapo karibu na viatu, hukatizi watu. Ndivyo walivyozoea.

Sasa, huyu dada wa mapokezi.

Alifanya kazi kwenye dirisha la mapokezi la zahanati iliyo nyuma ya jengo, na kwa hiyo watu walimwita Mapokezi, kwa mkato. Alikaa ghorofa ya nne na mama yake ambaye miguu ilikuwa imemgomea, na wadogo zake wawili wa shule. Binti mpole, kilemba kichwani siku zote, salamu yake fupi. Siku moja jua likielekea kuzama aliingia saluni, akangoja mteja wa mwisho aondoke, halafu akasema:

"Funga mlango kwanza, dada. Na hicho kiti nigeuzie ukutani."

"Ukutani kuna nini? Kioo changu kimekukosea nini?"

"Nigeuzie tu."

Vidole akacheka, akageuza kiti. Alipofungua kilemba, kicheko kikamkauka. Utosini, upande wa kulia, palikuwa na uwazi kama kiganja cha mtoto mchanga. Vidole alivijua vichwa. Akapapasa kwa ncha za vidole, akasikia vishina vifupi vifupi vinavyojaribu kuota.

"Mapunye haya, mdogo wangu?"

"Hapana."

"Basi dawa imekuunguza. Nani alikutia dawa? Nitajie, nimfuate sasa hivi na hili chanuo."

"Nazing'oa mwenyewe, dada."

Ikabidi Vidole azime draya, ingawa ilikuwa haikaushi kitu. Mapokezi akamweleza akiwa ameutazama ukuta. Tangu baba yake afariki, yeye ndiye mkubwa. Mchana hana neno, mikono ina kazi. Lakini akilala, mawazo yanakuja kama watu wa foleni: mama akizidiwa itakuwaje, mdogo wake akifukuzwa shule itakuwaje, na yeye akiugua je? Mkono unapanda kichwani wenyewe. Unachomoa mmoja, moyo unatulia kidogo. Unachomoa mwingine. Asubuhi anaokota kwenye mto kabla mama hajaona.

"Kanisani wanasema Mungu anajua idadi ya nywele zetu," akasema, akijaribu kucheka. "Nikawaza, maskini Mungu! Kwangu kila asubuhi inabidi aanze kuhesabu upya."

Vidole alicheka, halafu akajikuta machozi yanamtoka, halafu akacheka tena. Akamkumbatia yule binti, chanuo bado mkononi.

"Hili limezikwa hapa hapa," akamwambia. "Mbele ya hili sinki. Halitoki."

Akamsuka mistari ya kulalia upande, kwa namna ambayo hata upepo usingefunua kitu. Na tangu siku hiyo kila akija alimwambia: "Njoo Jumatano, mdogo wangu. Kukaa na mawazo peke yako ndiko kunakokumaliza. Sisi si watu wa kusengenya. Hatutaji hata jina la mtu."

"Nitakuja siku moja, dada."

"Siku moja ya mwaka gani?"

Na Mapokezi alitabasamu, akafunga kilemba chake.

Jumatano ya aibu yenyewe ilianza vizuri. Watu walikuwa wengi, chai ilikuwa kwenye chupa, na maombi yaliyoletwa yalikuwa mazito. Muuza Mayai, mwanamke mnene mwenye maneno matamu, alikuwa ameleta habari ya "kaka mmoja wa jengo la jirani anayeishi na wake wawili na hakuna anayejua habari za mwenzake." Sebule nzima iligutuka. Wakauliza maswali, ili wajue namna ya kuomba. Muuza Mayai akawa anajibu moja moja, akijipepea na kitambaa, amekaa kama malkia. Kisha akamgeukia Vidole.

"Mwenzetu leo umekuja mikono mitupu? Saluni imekauka?"

Watu wakacheka. Vidole naye akacheka, lakini ilimchoma kidogo. Yeye ndiye mwenye kundi. Yeye ndiye aliyekuwa akileta maombi ya kufanya watu washike vifua. Na ukweli usemwe, yule binti alikuwa moyoni mwake. Wiki ile alikuwa amemwona uwazi umeongezeka, akaumia kama ni mwanawe. Kwa hiyo alipofungua mdomo hakujua kama ni huruma iliyoufungua au ni Muuza Mayai. Vyote viwili vilikuwa vimesukuma mlango mmoja.

"Ninalo ombi," akasema. "Zito. Sitasimulia, nitaliomba tu."

Wakafumba macho. Vidole alikuwa na kipaji cha kuomba, hilo hakuna aliyembishia. Sauti yake ilipanda na kushuka kama mtu anayepanga mawimbi ya nywele.

"Baba, yupo binti yako mmoja. Unamjua. Humu humu juu yetu. Yeye ndiye anayewapokea wagonjwa dirishani, lakini yeye nani anampokea?"

"Mmmh," wakaguna.

"Baba, amebeba mama, amebeba wadogo, na mzigo umemfika kichwani. Nywele zake anazing'oa kwa mkono wake mwenyewe. Utosi umebaki mweupe, Baba! Wewe unayejua idadi ya nywele zetu, kwake kila asubuhi unaanza kuhesabu upya!"

"Oooh, Yesu," wakalia. Mtu mmoja akapiga paja kwa uchungu. Vidole alisikia namna maneno yale yalivyowaingia, akayarudia.

Hapo Bibi Haleluya akashika usukani. Akasimama, akakemea.

"Pepo la kung'oa, toka!"

"Toka!" wakaitikia.

"Achia hizo nywele!"

"Achia!"

"Achia utosi wa binti wa watu!"

"Achia!"

Makofi yakapigwa. Ikasemwa Amina ya mwisho, ndefu, ya kushukuru. Watu wakafuta nyuso, wakafumbua macho, na Vidole akafumbua yake akitazama mlangoni, maana ndiko alikokuwa amekaa akielekea.

Mapokezi alikuwa amekaa karibu na viatu.

Mkoba uko mapajani, mikono miwili juu ya mkoba. Sare ya zahanati hajavua. Hakuna aliyejua ameingia saa ngapi. Lakini alikuwa ameshavua viatu na kuvipanga vizuri, kisigino kwa kisigino, na mtu haangaiki kupanga viatu akiwa amefika sasa hivi.

"Amina," akasema Mapokezi. Wenzake walikuwa wameshamaliza, kwa hiyo Amina yake ikasikika peke yake.

Muuza Mayai alikuwa amekodoa macho kwenye kitambaa chake kana kwamba kina maandishi. Bibi Haleluya alibaki amesimama, mkono bado umeinuka hewani.

"Samahanini, nimechelewa," binti akasema. "Foleni ilikuwa ndefu leo."

"Karibu, karibu, mwanangu!" Watu wakalipuka kumkaribisha, wote kwa pamoja, kwa furaha iliyopitiliza. "Mpisheni kochi! Chai! Mpeni chai!"

Akapewa chai. Akainywa yote, ya moto hivyo hivyo, huku watu wakijadili lifti ya jengo, ambayo ilikuwa imekufa tangu zamani na haikuwa na jipya la kujadiliwa. Ulimi wa Vidole, ule ule, ulikuwa umelala mdomoni kama kitambaa kilicholowa.

Binti alipomaliza chai alishukuru, akaaga, akainama mlangoni kuvaa viatu. Na alipoinama, macho ya sebule nzima yakaenda utosini kwake. Hawakutaka, yalikwenda. Yeye hakugeuka kutazama, lakini aliyahisi. Akiwa bado ameinama, mkono mmoja ukaacha kamba ya kiatu, ukapanda taratibu ukafunika kilemba, ukabaki hapo. Kiatu cha pili alikivaa kwa mkono mmoja. Ilichukua muda. Hakuna aliyenyanyuka kumsaidia.

Nyumbani, mume wa Vidole alikuwa sakafuni amezungukwa na vipande vya friji ya mtu. Alikuwa fundi friji, mtu wa maneno machache, na desturi yao ni kwamba Jumatano mke akirudi yeye anapata habari za jengo zima bila kuondoka kwenye bisibisi yake.

"Leo vipi? Jengo limehama?"

Vidole akaketi kwenye kiti cha jikoni, akamsimulia. Fundi alisikiliza, mkono umesimama.

"Uliomba vizuri?" akauliza.

"Usinitanie, baba watoto."

"Sikutanii. Nauliza."

"Niliomba vizuri," Vidole akasema, na hapo ndipo akaanza kulia. "Niliomba vizuri sana. Hata nilisikia raha." Akajifuta kwa khanga. "Nimetubu lakini. Nimepanda ngazi nikitubu. Mungu ameniona."

"Mungu hakuwa amekaa karibu na viatu," mume akasema, akarudi kwenye friji yake.

Siku zilizofuata Mapokezi hakukanyaga saluni. Akikutana na Vidole kwenye ngazi alisalimia, "Habari za kazi, dada," akapita. Salamu ilikuwa ile ile, hata haikupungua. Laiti ingepungua! Vidole angejua pa kuanzia.

Waliobadilika ni wengine. Muuza Mayai aliingia saluni, akatua trei zake kwenye benchi, akauliza mbele ya watu:

"Yule wako wa nywele vipi? Kapona?"

"Yupi?"

"Aa, tusitaje jina." Benchi zima likaangua kicheko.

"Mimi nasikia alivunjiwa uchumba," akasema mmoja.

"Uchumba wapi, ni mambo ya kwao huko, mama yake naye hakuanza hivyo hivyo?"

"Na sisi anatupokea dirishani na mikono ile ile!"

"Acheni hayo," Vidole akasema. "Nimesema acheni! Huyo binti hana uchumba uliovunjika, wala mama yake hajawahi kung'oa kitu."

"He! Mkali!" Muuza Mayai akambetulia midomo. "Chungu ulikitenga wewe, ukatufunulia wewe. Leo tukionja unatupiga mikono?"

Mwanamke yule alikuwa amesema kweli tupu. Akamwinamisha mteja kichwa, akaendelea kusuka, na mistari yake siku hiyo ilikwenda kombo hata mteja akalalamika.

Ndipo alipokwenda zahanati.

Alikuta foleni imetoka hadi nje. Akapanga mstari kama mgonjwa, nyuma ya mama mwenye mtoto, na kwa kuwa hakuwa na wa kupiga naye soga, akabaki kutazama. Dirisha la mapokezi lilikuwa na kioo chenye uwazi mdogo chini. Kila mtu akifika pale, Mapokezi aliinamisha kichwa hadi sikio likakaribia ule uwazi. Mtu ananong'ona, yeye anaitikia kwa macho, anaonyesha mlango kwa kalamu. Mzee mmoja, masikio yake mazito, akaanza kueleza kwa sauti kuu tatizo lake la kwenda haja. Kabla hajafika katikati, binti alikuwa ameshatoka kwa mlango wa pembeni, amemshika mkono, "Twende huku, babu," na amemsogeza hadi kwenye kona ya ukuta. Waliokuwa kwenye foleni walibaki na nusu ya habari. Vidole aliwaona walivyoshusha mabega, na akajua hata yeye alikuwa amenyoosha shingo.

Hapo ndipo alipokumbuka. Yeye mwenyewe aliwahi kusimama kwenye dirisha lile, na jambo ambalo hata mume alikuja kulijua baadaye. Alinong'ona akitetemeka, na yule binti akasema, "Mlango wa pili, dada," kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mwenzake dukani. Baada ya hapo waliendelea kuishi jengo moja, ngazi moja, na neno lile halikuwahi kumrudia kutoka mdomo wowote. Na si lake tu. Nusu ya watu wa jengo walikuwa wamepita kwenye kioo kile. Vidole, aliyejua ya kila mtu, hakuwahi kujua hata moja lililopitia hapo. Na katika miaka yote hiyo hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Aibu ikamvaa upya, ya pili hii ikiwa nzito kuliko ya kwanza. Angetamani foleni irefuke. Ikafupika.

"Unasumbuliwa na nini?" Mapokezi akauliza, ameinama kama alivyowainamia wote.

"Nimekuja kwako."

"Hapa ni kwa wagonjwa, dada. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi naomba usogee, watu wapite."

Vidole akaenda kukaa benchi la ukutani. Akangoja hadi binti alipotoka kazini, akamfuata nyuma ya zahanati, uwanja mdogo ambako mashuka ya wagonjwa huanikwa. Wakasimama katikati ya mashuka, yanapepea, yanawafunika na kuwafunua.

"Nisamehe, mdogo wangu. Nilitaka... Sikutaja jina."

"Nilisikia. Ulitaja dirisha."

"Nilikuwa nakuombea. Haki ya Mungu, ilinitoka moyoni."

"Najua, dada. Na hilo ndilo linaloniuma. Ungekuwa unanisengenya, ningekutukana nikalala." Akaushika ukingo wa shuka, akaukunja, akaukunjua. "Unajua kwa nini nilikuja siku ile?"

"Nilikuwa nakualika muda mrefu."

"Nilikuja kusema mwenyewe. Nilichoka kuficha. Nilisimama kwenye ngazi nikayapanga maneno, nikasema nitaanza na baba, halafu mama, halafu hii mikono. Lile la Mungu kuhesabu upya niliweka mwisho, ili watu wacheke kidogo wasinionee huruma sana." Akaliachia shuka. "Nikafungua mlango nikakuta limeshasemwa. Wala hawakucheka. Waliguna."

Vidole akafungua mdomo.

"Hata kichekesho changu, dada," Mapokezi akasema. "Hata hicho hukuniachia."

Shuka likapepea katikati yao. Liliposhuka, Vidole alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili kama mtu aliyefiwa.

"Niambie nifanye nini."

"Sijui. Mimi wa mapokezi tu, si daktari." Akachukua mkoba wake, akaondoka.

Jumatano iliyofuata Bibi Haleluya alipouliza nani ana ombi, Vidole akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Ninalo. Na leo nataja jina."

"Sheria, mwanangu," Bibi akamkumbusha.

"Sheria niliitunga mimi, Bibi, na leo naivunja mimi. Jina lenyewe ni langu." Akalitaja lote, na lile la ubatizo ambalo wengi mle ndani hawakuwahi kulisikia. Akawaambia kwamba aliapa mbele ya sinki akavunja. Kwamba siku ile hakuwa na ombi, akaona haya kukaa bila ombi, akachukua la mtu. Kwamba kitu alichowapa si maombi tu, alikuwa anataka waseme Vidole kiboko.

"Mimi sikusengenya mtu," Muuza Mayai akaruka. "Jamani, kwani tulisengenya? Tuliomba!"

"Mume wangu alikuwa amelazwa," sauti ikatoka pembeni. Alikuwa mke wa yule dereva wa lori, mwanamke ambaye huwa haongei. "Huko alikokwenda. Alilazwa. Mkaniombea kwamba ana mwanamke. Nilikuwa nimekaa hapa hapa, nimefumba macho, nikaitikia Amina. Ningefanyaje?"

Bibi Haleluya akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa, akaivua tena.

"Na mimi nilikemea," akasema, na sauti yake ile ya kuamsha mtaa ilikuwa imeisha yote. "Nimezalisha wanawake miaka na miaka, najua mtu aliyechoka anavyofanana. Nikakemea pepo. Mtoto wa watu amekaa pale anasikiliza anaitwa pepo."

Ikafika zamu ya kuomba, na hakuna aliyeweza kuanza. Walifumba macho, wakafumbua kidogo kutazama mlangoni, wakafumba tena. Mlangoni hapakuwa na mtu, viatu tu. Mwisho Bibi akasema kila mtu aombe kimoyomoyo, na jioni ile wakaondoka mapema, bila chai. Mapokezi alisikia habari hizo, maana hakuna kisichosikika kwenye jengo lile. Hakuja Jumatano hiyo wala zilizofuata.

Saluni alikuja. Vidole alikuwa ameshakata tamaa. Ilikuwa jioni, anafagia nywele za siku nzima, akasikia mlango unafungwa kwa ndani. Binti akakaa kitini, akasubiri. Vidole naye alisubiri, ufagio mkononi, hajui kama aseme karibu.

"Sijaja kwa sababu yameisha," Mapokezi akasema.

"Ndiyo, mdogo wangu."

"Nimekuja kwa sababu sina pa kwenda na hiki kichwa. Kwa msusi mwingine inabidi nianze upya. Wote wanajua kwa masikio. Kwa macho ni wewe peke yako."

Vidole akafungua kilemba. Ule uwazi wa utosini ulikuwa pale pale. Lakini nyuma ya sikio la kushoto, mahali ambapo yeye mwenyewe aliwahi kupasifia kwa wingi wa nywele, palikuwa na kiraka kingine. Kidogo, chekundu, hakijaanza hata kuota vishina. Vidole akakiinamia.

"Usiulize," binti akasema. "Unajua ni cha lini."

Akamlaza kwenye sinki, akafungua maji, akayapima kwa kiwiko. Alitaka kumwombea. Maneno yalikuja yenyewe, mazuri, yamejipanga, binti yako, dirisha, mzigo, na kila moja lilipokuja alilifukuza, hadi likabaki neno moja tu, Baba, na baada yake hakukuwa na kitu. Akaosha. Alipofika nyuma ya sikio alitumia kidole kimoja.

Mlango ukagongwa. Ukagongwa tena.

"Vidole! Mbona umejifungia?" Ilikuwa sauti ya Muuza Mayai. "Uko na nani humo?"

"Nina kazi."

"Na nani?"

"Nina kazi, nimesema."

"Kichwa gani hicho kisichotaka kuonekana?"

Muuza Mayai alikaa mlangoni muda, wakasikia anavyopumua, anavyosogeza trei zake, halafu akasema kwa nguvu ili asikike, "Haya, siku hizi mnaringa!" na kandambili zake zikaburuzika kwenda zake.

Kwa kutega sikio mlangoni, Vidole alikuwa ameusahau mpira wa maji. Binti akashtuka, akainua kichwa.

"Maji yameniingia sikioni."

"Samahani! Samahani, mdogo wangu, samahani." Akamkimbilia na taulo, akamfuta sikio, akamfuta shingo, akamfuta mahali ambapo hapakuwa hata na maji.

Mapokezi akamshika mkono, akauondoa, akajifuta mwenyewe.

"Hiyo ya maji nimesamehe," akasema, akarudisha kichwa kwenye sinki na kufumba macho. "Ile nyingine ngoja kwanza."